Sera za Huduma za Ulemavu Zinazoheshimu Utamaduni wa Waaborijini: Mwongozo Kamili wa Kuziandika na Kuzitekeleza

Fungua faili la sera la mtoa huduma yeyote wa ulemavu nchini Australia, utakuta sentensi isemayo kwamba kampuni inaheshimu tamaduni zote. Sentensi hiyo haimsaidii mtu. Bibi wa Kiyolngu, mmoja wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, aliyeletewa kijana wa kiume amwogeshe asubuhi hapati heshima yoyote kutoka kwenye faili. Angeipata kama ratiba ya zamu ingekataa kumpangia mwanamume. Kipimo tutakachotumia hapa ni hicho: kila kifungu cha sera lazima kibadilishe kitu kinachoshikika, iwe zamu, fomu, ankara, likizo au gari. Kisichobadilisha kitu kifutwe.

Tunawaandikia wasemaji wa Kiswahili walioko Australia kwenye kazi hii, wahudumu na wenye kampuni, kutoka Kongo, Burundi, Kenya, Tanzania na kwingineko. Wengi wenu mmelelewa mahali ambapo mkwe haangaliwi usoni, msiba husimamisha shughuli, na mzee haulizwi maswali mfululizo kama yuko mahakamani. Huo ni mtaji mkubwa. Ni mtego pia, maana humfanya mtu adhani ameshaelewa. Waaborijini si kabila moja. Kabla ya ukoloni bara lile lilikuwa na lugha zaidi ya 250, na miiko ya Warlpiri wa jangwani haiwi miiko ya Noongar wa kusini magharibi. Unachokijua cha kwenu kikusaidie kuuliza vizuri, kisikupe majibu.

Hatua ya 1: Jua umeingia kwenye ardhi ya nani

Kabla ya kuandika neno, tafuta mambo matatu: jina la watu wenye ardhi ile, lugha zinazosemwa nyumbani, na shirika la jamii lililopo tayari. Usianze na ramani ya mtandaoni ukaishia hapo, kwani mipaka kwenye ramani hizo ni ya kukisia na familia hubishania. Piga simu kwenye kituo cha afya kinachoendeshwa na jamii yenyewe. Vituo vya namna hiyo vimekuwepo tangu 1971, kilipofunguliwa cha kwanza Redfern, Sydney, na mara nyingi ndicho chombo pekee ambacho familia zinakiamini. Uliza swali hili mapema kabisa: je, kazi tunayotaka kuifanya inafanywa tayari na shirika la jamii? Kama ndiyo, huenda sera bora kuliko zote ni kuwa msaidizi wao, usiwe mshindani wao. Katika jangwa la kati, kwa mfano, Baraza la Wanawake la NPY (Ngaanyatjarra, Pitjantjatjara na Yankunytjatjara) lililoanzishwa 1980 limekuwa likihudumia watu wenye ulemavu na familia zao katika eneo la kilomita za mraba 350,000.

Ukienda maeneo ya mbali unahitaji kibali. Katika Northern Territory, ardhi iliyorudishwa kwa sheria ya 1976 huingiwa kwa kibali kutoka baraza la ardhi linalohusika. Ardhi za APY (Anangu Pitjantjatjara Yankunytjatjara) za South Australia nazo zina kibali chake. Sera iandike nani anaomba, anaomba wiki ngapi kabla, na kwamba mfanyakazi asiye na kibali hapandi gari. Iandike pia kwamba gari la kazi halibebi pombe kamwe, kwa sababu jamii nyingi zimeipiga marufuku na chupa moja iliyosahauliwa kwenye buti inaweza kukufungia mlango kwa miaka.

Usiisahau historia unayoingia nayo. Kwa miongo mingi, mpaka kwenye miaka ya 1970, serikali ziliwachukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa wazazi wao. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Bibi unayemtembelea leo huenda ndiye aliyechukuliwa, au ndiye aliyefichwa porini gari la serikali lilipokuja. Wewe unafika na gari lenye nembo, umeshika fomu, unauliza nani analala chumba gani. Akikaa kimya, usimwandike kuwa hana ushirikiano.

Hatua ya 2: Waweke wenye sauti kabla ya kuweka maneno

Sera ya utamaduni inayoandikwa na meneja kisha ikapelekwa kwa wazee "kuthibitishwa" imeshaharibika. Unda jopo la watu watano hadi saba. Wawemo wanaume na wanawake, angalau wawili wawe watu wenye ulemavu wenyewe, na mmoja awe mlezi. Watoke familia zaidi ya moja. Kosa linalojirudia ni kumtegemea mtu mmoja anayejua Kiingereza vizuri. Kampuni humfanya msemaji wa jamii nzima, naye hana mamlaka hayo, na familia nyingine hujitenga kimyakimya bila kukuambia sababu.

Walipe posho ya kikao, siku hiyohiyo, kwa kiwango kilichoandikwa. Usilipe kwa kadi za dukani wala kwa chai na sandwichi. Waambie kabla kwamba malipo yanaweza kugusa fedha wanazopokea Centrelink, ofisi ya serikali ya malipo ya ustawi, ili mtu aamue mwenyewe namna anavyotaka kulipwa. Fedha hii itoke kwenye gharama za uendeshaji za kampuni. Fedha za huduma za mteja mwenyewe haziguswi kwa kazi hii.

Jopo lipewe uwezo wa kukataa. Andika hivi: "Kifungu chochote kuhusu utamaduni hakianzi kutumika kabla jopo halijakikubali, na jopo linaweza kukisimamisha wakati wowote." Bila sentensi hiyo jopo ni mapambo. Tenga vikao vya wanawake na vya wanaume inapobidi, kwani yapo mambo ya wanawake na mambo ya wanaume ambayo hayatajwi mbele ya upande wa pili. Sera isijaribu kuyaandika yaliyomo. Inatosha iseme nani wa kuulizwa.

Hatua ya 3: Shughulikia lugha kama suala la usalama

Mengi huharibikia hapa, kwa hiyo tutakaa.

Kwanza majina. Kwa Kiingereza cha Australia, neno "Aborigine" linaudhi watu wengi, na vifupisho vya herufi kwa watu huudhi pia. Tumia jina la watu wenyewe: Anangu, Yolngu, Noongar, Koori, Murri, Palawa. Wazee wengi huitwa Anti na Anko kwa heshima, lakini subiri ualikwe, au umsikie mwenzako wa hapo akiwaita hivyo.

Pili, neno ulemavu. Lugha nyingi za Waaborijini hazina neno moja linalobeba maana hiyo. Mtoto asiyetembea ni mtoto fulani wa fulani, ana nafasi yake, na hakuna kapu moja la "walemavu" alimotiwa. Familia ikisikia neno hilo kutoka kwa mgeni inaweza kudhani unamtukana mtoto au unatafuta sababu ya kumchukua. Kwa hiyo fomu ya kwanza isiulize "una ulemavu gani?" Iulize: "Ni kitu gani kigumu kukifanya siku hizi? Nani anakusaidia? Msaidizi huyo anachoka wapi?" Istilahi za kitabibu zije baadaye, mkalimani akiwepo, kwa sababu Bima ya Taifa ya Ulemavu, ile NDIS ya serikali inayolipia huduma hizi, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2013, inazitaka.

Tatu, "ndiyo" ya heshima. Mtu anayeulizwa maswali ya ndiyo-au-hapana na mwenye mamlaka huitikia "ndiyo" ili mazungumzo yaishe salama. Waswahili tunaijua sana tabia hii. Ukiandika saini kwa "ndiyo" ya namna hiyo, huna ridhaa. Sera iseme: ridhaa haipatikani mpaka mtu ameeleza kwa maneno yake atakachofanyiwa, na ameonyeshwa angalau njia mbili za kuchagua. Uliza "ungependa asubuhi au jioni?" badala ya "asubuhi ni sawa, siyo?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Ukimya si utupu, mtu anafikiri, au anangoja mwenye haki ya kusema afike. Kutokukutazama machoni nako mara nyingi ni adabu.

Nne, mkalimani. Mtoto wa familia asitumike. Hata mtu mzima wa familia asitumike kwenye mambo ya mwili, fedha au ukatili. Omba mkalimani wiki mbili kabla, taja lugha na lahaja, taja jinsia, na uulize kama kuna uhusiano wa kiukoo unaomzuia kuzungumza na mteja. Hili la mwisho watu hulisahau, kisha mkalimani anafika, anaona aliyeketi ni mkwewe, anaondoka. Tenga muda maradufu wa kawaida. Wala usidhani kwamba asemaye Kriol anasema Kiingereza kibovu. Kriol ni lugha kamili yenye sarufi yake, na maneno yanayofanana na ya Kiingereza yanaweza kubeba maana nyingine.

Tano, masikio. Maambukizi ya sikio la kati ni mengi sana kwa watoto wa Kiaborijini, hasa maeneo ya mbali, na huacha upungufu wa kusikia unaoendelea ukubwani. Watu hawa huandikwa wakaidi, wavivu, au wenye tatizo la akili. Weka kifungu: hakuna tathmini ya tabia au ya uelewa inayokubaliwa bila majibu ya kipimo cha kusikia. Na waulize kuhusu ishara za mikono. Warlpiri na Yolngu, miongoni mwa wengine, wana lugha za ishara za kale zinazotumiwa hata na wanaosikia, wakati wa mawindo, wakati wa msiba, au kwa mbali. Kiziwi wa kule huenda hajui lugha ya alama ya taifa ya Australia na bado anazungumza vizuri na kijiji kizima.

Hatua ya 4: Panga ziara ya kwanza na fomu zake

Ziara ya kwanza haina fomu. Keti nje, barazani au kivulini, utambulishwe na mtu anayefahamika, ujieleze wewe ni nani na watu wako wanatoka wapi. Swali la "unatoka wapi" ukiulizwa halina ubaya. Hapo ndipo uhusiano unapoanzia, na Mswahili mwenye ukoo wa kueleza ana la kusema. Karatasi zije ziara ya pili au ya tatu. Meneja atalalamika kwamba saa hizo hazilipwi. Mwambie gharama ya mteja aliyesaini asichokielewa kisha akakataa huduma mwezi wa pili ni kubwa zaidi.

Swali la asili liulizwe kwa kila mteja, awe mweusi, mweupe au vyovyote anavyoonekana: je, wewe ni Mwaborijini, mwenyeji wa Visiwa vya Torres Strait, vyote viwili, au siyo? Sensa ya 2021 ilihesabu watu 812,728 waliojitambulisha hivyo, asilimia 3.2 ya nchi nzima, na wengi wao wanaishi mijini na miji midogo, si jangwani. Mfanyakazi anayekisia kwa rangi ya ngozi atawakosea. Usiulize kamwe "ni nusu au robo?" Maswali ya vipimo vya damu yalitumiwa kuamua mtoto gani achukuliwe.

Kisha fomu iwe na nafasi za mambo haya, kila moja likiwa la hiari: nani ana haki ya kuzungumza kwa niaba yako, na kwa jambo gani, nani asiwepo chumbani, nani asikuhudumie mwili, nchi ya mababu zako ni ipi na unahitaji kwenda lini, tukufanyie nini kukiwa na msiba, picha zako zitumike wapi na nani wa kuulizwa ukifariki. Mwamuzi wa kisheria na mwamuzi wa kiukoo wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Andika wote, na eleza wazi nani anasaini nini. Ila usiache uamuzi wa ukoo ummeze mteja mwenyewe. Mtu mwenye ulemavu ana sauti yake, na wakati mwingine anachotaka sicho wanachotaka wajomba. Muulize akiwa peke yake pia.

Eleza wajibu wa kutoa taarifa kuhusu watoto *kabla* ya kusikia lolote. Sheria zake hutofautiana kwa kila jimbo. Mzazi ajue ni mambo gani utalazimika kuyaripoti, na kwamba kuomba msaada wa kumlea mtoto mwenye ulemavu si kosa. Mkiacha hili, mama wataficha mahitaji yao, na mtoto atakosa kiti na tiba.

Hatua ya 5: Zamu, jinsia na ukoo

Programu ya ratiba iwe na kizuizi, isiwe na maoni tu. Kama mteja amesema ahudumiwe na wanawake kwa kuoga, kuvaa na choo, mfumo ukatae jina la mwanamume hata saa tatu usiku mhudumu anapougua. Andika mbadala wa dharura mapema: majina mawili ya akiba, kisha jamaa aliyekubaliwa, kisha kuahirisha kuoga huku chakula na dawa vikiendelea.

Miiko ya ukoo ni migumu zaidi kwa sababu haionekani. Warlpiri wana makundi manane ya "ngozi", yasiyohusu rangi ya mwili hata kidogo, na jina la mwanamume huanza kwa J na la mwanamke kwa N: Japaljarri, Napaljarri. Ngozi huamua nani ni dada, nani ni mkwe, nani haruhusiwi kukaa naye gari moja. Mama mkwe na mkwewe wa kiume huepukana kabisa, na usafiri wa pamoja wa kwenda kliniki unaweza kuwaweka kiti kimoja. Mratibu wa zamu wa hapo, anayeufahamu ukoo, apitie ratiba kila wiki kabla haijatoka. Alipwe kwa kazi hiyo. Mgeni akipewa jina la ngozi, ajue kwamba amepewa na wajibu wake.

NDIS hailipi jamaa wa mteja kumhudumia isipokuwa kwa hali za pekee, na wakaguzi huangalia mgongano wa maslahi. Kwenye kijiji cha watu mia tatu kila mtu ni jamaa. Suluhisho si kuwakataa wote. Sera itofautishe jamaa wa nyumba moja na jamaa wa ukoo mpana, iandike uhusiano huo kwenye daftari, na itake mtu wa pili asiye wa familia ahakiki saa na malipo kila mwezi. Mkaguzi akiona daftari hilo ataelewa mnavyousimamia mgongano huo.

Hatua ya 6: Msiba

Hiki ndicho kifungu kitakachopimwa kuliko vyote. Maombolezo yanaweza kuchukua siku au wiki nyingi, na watu husafiri mamia ya kilomita. Mfano wa maneno:

"Taarifa ya msiba ikifika, kwa mdomo na kutoka kwa mtu yeyote, mratibu anasimamisha ziara zisizo za lazima ndani ya saa mbili. Huduma za lazima za mteja, zilizoorodheshwa kwenye mpango wake, zinaendelea mahali alipo, hata kama yuko kwenye mkusanyiko wa msiba. Hakuna ada ya kughairi inayotozwa. Hakuna cheti wala uthibitisho unaodaiwa. Ziara zinarudi familia inaposema."

Sentensi ya ada ni ya muhimu. Kanuni za bei za NDIS zinamruhusu mtoa huduma kudai malipo ya ziara iliyoghairiwa kwa taarifa fupi, na programu ya ankara hufanya hivyo yenyewe. Msiba mmoja unaweza kula bajeti ya mteja ya wiki kadhaa kabla mtu hajagundua. Weka alama ya msiba kwenye mfumo izuie ankara hizo, na ijaribuni kabla ya kuihitaji.

Jina la marehemu sehemu nyingi halitajwi, kwa miezi au miaka. Karibu na Alice Springs, mtu mwenye jina kama la marehemu huitwa Kumanjayi au Kwementyaye kwa muda huo. Kwa hiyo mkipiga simu nyumba ile, angalieni kama mhudumu wenu ana jina hilo, na ulizeni aitweje. Kwenye nyaraka za kisheria jina kamili linabaki. Mdomoni na kwenye ujumbe wa simu halitumiki. Picha zake ziondolewe ukutani, kwenye brosha na kwenye tovuti siku hiyohiyo, mpaka familia itakapotoa ruhusa. Ili hilo liwezekane, lazima mjue picha zote ziko wapi, kwa hiyo tunzeni orodha.

Nyumba nayo. Mtu akifariki, familia katika sehemu nyingi huhama nyumba ile mpaka ifukizwe moshi wa majani. Fikiria maana yake kwa mteja mwenye kiti cha magurudumu: njia ya mteremko, vyuma vya chooni na kitanda maalumu vyote vimebaki kwenye nyumba isiyoingiwa. Wekeni akiba ya mteremko wa kubebeka, kiti cha kuogea na kinyanyulio kimoja kwa ajili ya wiki hizo. Kama ni nyumba mnayoiendesha wenyewe, wakazi wengine wapewe mahali pa kwenda, na wazee waulizwe nani afukize na lini. Zima kwa muda vitambua moshi kwa utaratibu ulioandikwa, kisha uviwashe tena. Kuna waliowahi kuitiwa zimamoto katikati ya ibada.

Kifo cha mteja kinachohusiana na huduma zenu lazima kiripotiwe kwa Tume ya Ubora na Usalama ya NDIS ndani ya saa 24. Wajibu huo hausimami kwa ajili ya msiba. Fomu aijaze meneja aliye ofisini, na asiwapigie wafiwa simu kuwauliza maswali ya fomu.

Wafanyakazi wenu wa Kiaborijini nao wamefiwa. Sheria ya ajira inatoa siku 2 za likizo ya msiba kwa ndugu wa karibu, na tafsiri yake ya "ndugu wa karibu" haimjui mjomba aliyekulea. Mkataba wa kisekta unaohusu kazi hizi unaongeza hadi siku 10 kwa mwaka za likizo ya shughuli za kimila, bila malipo. Panua tafsiri ya ndugu, na lipia angalau siku 5. Bila hivyo watu wataacha kazi kila mwaka, na utaita tatizo la "mahudhurio".

Hatua ya 7: Kurudi nchi ya mababu, na vifaa vinavyofika huko

Kwa Waaborijini wengi, kuwa kwenye ardhi yao ni afya. Mteja aliyehamia mjini kwa sababu ya huduma anahitaji kurudi, na safari hiyo iandikwe kama lengo kwenye mpango wake, si kama likizo. Andika anachohitaji kwa sababu ya ulemavu: saa za mhudumu, usafiri unaofaa, kifaa. Chakula na mafuta ya gari la jamaa ni gharama za kawaida za maisha, na NDIS haizilipi. Familia iambiwe hivyo mapema.

Angalia msimu. Kaskazini mvua za Novemba hadi Aprili hukata barabara. Beba dawa za siku saba zaidi ya zinazohitajika, na kisanduku baridi kwa zile zinazoharibika. Beba betri ya pili, pampu, tairi la ziada na simu ya setilaiti.

Kiti cha magurudumu cha mjini hufa haraka jangwani. Matairi membamba huzama mchangani, magurudumu madogo ya mbele hukwama, na vumbi jekundu huingia kwenye beringi na mota. Omba matairi mapana, na uombe vipuri pamoja na kiti, kwa sababu kusubiri fundi kutoka mji wa mbali ni wiki nyingi mtu akiwa kitandani. Umeme nao: nyumba nyingi za maeneo ya mbali Northern Territory hununua umeme kabla ya matumizi, kama LUKU au tokeni zetu. Salio likiisha usiku, kiti hakichajiki na godoro la hewa linalolinda vidonda hulala chini. Mpango wa dharura useme nani anakagua salio kila Ijumaa.

Na kifaa kitatumiwa na wengine. Kutoa ukiombwa ni wajibu wa ukoo. Usiandike "matumizi mabaya" kwenye taarifa. Muulize mteja kama ameridhika, na kama bibi wa jirani ndiye anayeazima kiti kila siku, basi bibi huyo naye anahitaji kufanyiwa tathmini.

Hatua ya 8: Vizuizi, matukio na malalamiko

Mlango uliofungwa ili mtu "asitoroke" kwenda kwa ndugu zake ni kizuizi cha mazingira, kimoja kati ya aina tano zinazosimamiwa kisheria, pamoja na kumtenga mtu, dawa za kutuliza, vifaa vya kufunga na kumshika kwa nguvu. Kinahitaji kuwemo kwenye mpango wa kitaalamu wa tabia na kuidhinishwa na jimbo. Kabla ya kuomba idhini, uliza: anatembea kwenda wapi? Mara nyingi anakwenda nyumbani. Mpeleke kila Jumamosi, kisha uone kama mlango bado unahitaji kufuli.

Malalamiko yapokelewe kwa mdomo, kupitia jamaa, au kupitia jopo. Kwenye kijiji kidogo mlalamikaji anajulikana hata usipomtaja, kwa hiyo apokee mtu wa nje ya kijiji, na mteja aambiwe kwamba anaweza kwenda moja kwa moja kwa Tume. Malalamiko sifuri kwa mwaka mzima si sifa. Ni dalili kwamba watu hawakuamini au hawajui pa kusemea.

Hatua ya 9: Ajiri wa hapo, na usiwabebeshe

Cheti cha uhakiki wa mfanyakazi wa NDIS hudumu miaka mitano, lakini kukipata kunataka vitambulisho, na watu wengi wa maeneo ya mbali hawana cheti cha kuzaliwa. Msaidie mwombaji kukipata, lipia ada, na mpe siku ya kazi kushughulikia. Rekodi ya zamani ya polisi isikufanye umwondoe mapema. Uamuzi ni wa mamlaka ya uhakiki.

Akishaajiriwa, hatari inayofuata ni kumgeuza mkalimani, dereva, mshauri na msuluhishi kwa mshahara wa mhudumu. Kazi hizo ziorodheshwe, zipewe saa na daraja la malipo. Wageni wote, nyinyi mkiwemo, wafundishwe na watu wa hapo kwa siku mbili kabla ya zamu ya kwanza, si kwa video ya dakika arobaini. Mafunzo hayo yarudiwe kila mwaka.

Hatua ya 10: Unganisha na ukaguzi, kisha pitia upya

Vifungu hivi vyote vina mahali pake kwenye Viwango vya Utendaji vya NDIS: maadili na imani za mtu, faragha na utu, uchaguzi wenye taarifa, rasilimali watu, mwendelezo wa huduma, matukio na malalamiko. Viingize ndani ya sera hizo. Sera ya utamaduni iliyojitenga kwenye faili lake husahaulika, maana mratibu wa zamu hafungui faili hilo saa tatu usiku.

Kila miezi sita jopo lipewe takwimu chache: zamu ngapi zilivunja ombi la jinsia, ankara ngapi zilitozwa wakati wa msiba, mikutano mingapi ilikosa mkalimani, safari ngapi za nchi ya mababu ziliahidiwa na ngapi zilifanyika. Takwimu za jamii zikitaka kutoka nje ya kampuni, hata bila majina, jopo liulizwe kwanza. Nyaraka ziandikwe kwa Kiingereza chepesi na zirekodiwe kwa sauti kwa lugha ya hapo, na msomaji wa rekodi alipwe.

Andika pia namna mtakavyoondoka, kwa sababu kampuni nyingi huja na ruzuku na kutoweka nayo. Notisi iwe miezi sita, itolewe ana kwa ana. Vipuri, mteremko wa kubebeka na vifaa vya akiba vibaki kijijini. Mafaili ya wateja yaende kwa anayefuata kwa ridhaa ya kila mmoja, na picha na rekodi za sauti zirudishwe kwa familia zake, zikiwa kwenye diski, pamoja na orodha ya kila mahali ambapo nakala zilikuwa zimehifadhiwa.